Julian Bond, Mjumbe Aliyenyimwa Kiti

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1966, wajumbe wateule wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, walipokusanyika mjini Atlanta kula kiapo, katibu wa baraza alimwomba mmoja wao akae kando wakati wenzake wakiapa. Alikuwa kijana mweusi, mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, aliyesaliwa na siku nne tu kutimiza umri wa miaka 26. Hakuwa ameshitakiwa kwa wizi wala kwa rushwa. Hapana aliyedai kwamba kura zake zilikuwa za hila, wala kwamba umri wake haukutosha, wala kwamba hakuwa mkazi wa mahali palipomchagua. Kosa lake lilikuwa ni maneno. Jina lake ni Horace Julian Bond, na nimeona ni wajibu kuiandika historia yake kwa urefu kidogo, kwa sababu miongoni mwa marehemu waliopigania haki za raia katika Marekani yeye hatajwi sana katika lugha yetu kama watajwavyo Martin Luther King na Malcolm X, ilhali ugomvi uliozuka juu ya kiti chake unamhusu kila mtu anayepiga kura popote ulimwenguni. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: kiti cha mjumbe ni milki ya nani, ya wajumbe wanaokaa pamoja naye, au ya watu waliomtuma?

Kwetu sisi mtu huulizwa kwanza ukoo wake, na ukoo wa Bond unastahili kuulizwa. Babu yake, James Bond, alizaliwa utumwani huko Kentucky mwaka 1863. Mama yake James, aliyeitwa Jane, alikuwa mtumwa aliyetolewa kuwa zawadi ya arusi kwa bibi mmoja wa kizungu, na baba wa mtoto alikuwa ni mume wa bibi yule yule. Utumwa ulipofutwa, James alikuwa bado mtoto, asiyejua kusoma wala kuandika. Lakini alipopata kuwa kijana alisikia kwamba huko Berea kuna chuo kinachowapokea weusi na weupe pamoja, naye akafunga safari kukiendea kwa miguu, akimvuta kwa kamba maksai mmoja ambaye ndiye aliyekuwa karo yake. Mjukuu wake alikuwa akikisimulia kisa hiki mara kwa mara mbele ya halaiki ya watu mpaka uzeeni mwake, na sikuona kwamba alikisimulia kwa kujifaharisha, bali kwa kutaka wasikilizaji wake wafahamu jinsi utumwa ulivyokuwa karibu: kati yake yeye na utumwa palikuwa na mtu mmoja tu, yaani baba yake.

Baba huyo, Horace Mann Bond, akawa mwanachuoni mashuhuri, aliyetafiti elimu ya watu weusi wa kusini na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945 alifanywa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln katika Pennsylvania, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho, katika chuo ambacho kabla yake kiliwafundisha Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Julian, aliyezaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940, alikulia katika nyumba iliyopitiwa na wageni wakubwa wa Afrika na Marekani. Hata walipokuwa W. E. B. Du Bois na E. Franklin Frazier, maulamaa wawili ambao wasomi weusi wa zama zile hawakuwa na zaidi yao, wamo nyumbani mwa baba yake, wazee hao watatu walifanya tafrija ya kumweka wakfu yule mtoto kwa ilimu. Wakfu huo haukutimia kama walivyonuia wazee, au tuseme ulitimia kwa njia ndefu, kwa kuwa Julian alikiacha chuo kabla ya kumaliza, akarejea kuipokea shahada yake mwaka 1971, alipokuwa tayari mjumbe mwenye sifa nchi nzima.

Shule yake ya sekondari ilikuwa ya Waquaker, madhehebu ya Kikristo yanayokataa vita katika hali yo yote. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu watu waliomshutumu baadaye walisema kwamba maneno yake juu ya vita yalikuwa ni ya kuazima kwa wachochezi. Haikuwa hivyo. Chuki ya vita alifunzwa tangu ujana wake, katika ukimya wa nyumba ya ibada ya Waquaker, miaka mingi kabla hajasikia neno Vietnam.

Mwaka 1957 jamaa yote ilihamia Atlanta, naye akaingia Chuo cha Morehouse. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wa Greensboro, katika North Carolina, waliketi kwenye meza ya chakula ya duka moja wasikouziwa weusi, wakakataa kuondoka. Habari hizo zilipoandikwa gazetini, mwanafunzi mwenzake Bond, aitwaye Lonnie King, alimfuata kwenye duka la dawa la Yates na Milton, walipozoea wanafunzi kuketi, akamwonyesha gazeti na kumwuliza rai yake. Bond akajibu kwamba ni jambo jema, na kwamba yaelekea mtu fulani atalifanya hapa Atlanta. King akamwuliza kwa nini mtu huyo asiwe wao. Haukupita muda wakawa wanapita meza baada ya meza kuwaita wengine. Na tarehe 9 Machi waraka wao, Ombi la Haki za Binadamu, ukachapishwa kuwa tangazo kamili katika magazeti ya mji, ukieleza kwa ufasaha na kwa hesabu jinsi weusi wa Atlanta wanavyonyimwa haki katika elimu, kazi, makazi, hospitali na upigaji kura.

Siku sita baadaye wanafunzi wapatao 200 wakaingia katika mikahawa ya majengo ya serikali na vituo vya usafiri. Bond aliongoza kundi lililokwenda kwenye mkahawa wa jumba la halmashauri ya mji. Nje palikuwa na kibao kilichosema kwamba watu wote wanakaribishwa. Mama msimamizi alipomwambia kwamba mahali pale ni pa wafanyakazi wa halmashauri tu, Bond alimwonyesha kibao. Naye yule mama akamjibu kwamba kilichoandikwa sicho wanachokusudia. Bond na wenzake wakakamatwa, wakapelekwa gerezani. Yaelekea katika maisha yake yote Bond hakupata kusikia dhulma ya kusini ikikiriwa kwa maneno machache na ya kweli kama yale ya msimamizi wa mkahawa, nami nadhani hakuna wakili wala mhubiri aliyeieleza vizuri zaidi.

Wakati wa Pasaka ya mwaka ule ule, bibi mmoja mwenye busara nyingi, Ella Baker, aliwakusanya vijana wa namna hii kutoka majimbo mengi ya kusini katika Chuo Kikuu cha Shaw, mjini Raleigh. Hakutaka wawe tawi la chama cha wazee. Aliwashauri waunde chombo chao wenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa kamati ya wanafunzi ya kuratibu mapambano ya amani, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake, SNCC. Bond akawa msemaji wake na mkuu wa habari. Wenzake walikwenda Mississippi na Alabama kuwaandikisha wakulima weusi wapige kura, wakapigwa, wakafungwa, wengine wakauawa, na malipo yao yalikuwa dola 10 kwa juma. Kazi yake yeye ilikuwa kukaa Atlanta na simu, kupokea habari kutoka vijijini kwa sauti za watu waliokuwa wakihema kwa hofu, kuziandika kwa usahihi, na kuzituma kwa magazeti na idhaa za redio kabla mkuu wa polisi wa mahali pale hajapata kueneza habari zake.

Kazi hii yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji anayependa mashujaa wa barabarani. Mimi siioni hivyo. Katika kaunti ya Mississippi ambako polisi, hakimu, mwenye shamba na mwenye gazeti walikuwa watu wa jamaa moja, kijana aliyetiwa gerezani usiku bila ya mtu wa nje kujua aliweza kutoweka. Lakini simu ikilia ofisini mwa polisi, na mwandishi wa habari wa New York akauliza kwa jina lake kamili kijana fulani yuko wapi na ana hali gani, mara nyingi kijana yule alibaki hai. Bond hakukubali kutia chumvi katika taarifa zake. Alijua kwamba siku moja tu ya uwongo ingewafanya waandishi wasipokee tena simu, na kwamba watakaolipa gharama ya uwongo huo si yeye aliye ofisini bali wenzake walio shambani.

Kulikuwa na uhusiano pia kati ya vijana hawa na Afrika ya Mashariki, nao hauna budi kutajwa. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alipita Atlanta akiwa mgeni wa serikali ya Marekani. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumwamkia, wakaimba naye, kisha wakaenda kunywa kahawa mahali jirani, wakanyimwa, wakakaa chini, wakakamatwa. Kwa kuwa mgeni mweusi wa taifa huru alilala katika hoteli ile kwa heshima zote, na raia weusi wa nchi ile hawakuweza kununua kikombe cha kahawa hapo jirani, wimbo ukatungwa wa kumsifu Odinga na kuimbwa katika mikutano yao. Mwaka uliofuata Bond alikuwa miongoni mwa ujumbe wa SNCC uliozuru Guinea, ambako kwa mara ya kwanza waliona weusi wakiendesha ndege, mabenki na wizara. Mmoja wa wenzake katika safari ile, Robert Moses, alikuja baadaye kufundisha hisabati Tanzania kwa miaka kadhaa.

Sasa nirudi kwenye kiti. Kwa miaka mingi Georgia ilitawaliwa kwa hesabu iliyozipa kaunti ndogo za mashamba nguvu kuliko miji mikubwa, hata kura ya mtu wa Atlanta ikawa hafifu mbele ya kura ya mtu wa kijijini. Mahakama za Marekani zilipoivunja hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mipaka ya uchaguzi ikachorwa upya, ukafanyika uchaguzi wa pekee mwaka 1965, na katika mitaa ya Atlanta yakapatikana majimbo madogo ya uchaguzi yenye weusi wengi. Bond akasimama katika jimbo la 136. Alikwenda mlango kwa mlango, akawauliza watu kwanza wanataka nini kabla ya kuwaambia yeye anataka nini, na kwa wengi wa waliomfungulia mlango ilikuwa ni mara ya kwanza mtu anayeomba kura kufika kizingitini mwao. Jimbo lile lilikuwa na wapiga kura 6,500, na kama 6,000 kati yao walikuwa weusi. Alipata kura 2,320. Mpinzani wake, naye mtu mweusi, alipata 487.

Kabla hajala kiapo, yakatokea mauaji. Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, Sammy Younge, mwanafunzi mwanachama wa SNCC aliyepata kutumika katika jeshi la wanamaji la Marekani, alipigwa risasi na kuuawa baada ya kutaka kutumia choo cha weupe katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Tamko lilisema kwamba serikali inayodai kupigania uhuru wa watu wa Vietnam imeshindwa kulinda uhuru wa raia wake yenyewe, likayalinganisha mauaji ya Younge na mauaji ya wakulima wa Vietnam, na likaonyesha huruma kwa vijana wasiotaka kwenda vitani. Bond hakuliandika. Lakini mwandishi wa redio alipompigia simu na kumwuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali. Angaliweza kusema kwamba hajalisoma vizuri, au kwamba yeye sasa ni mjumbe na si msemaji. Vijana wengi wenye akili, waliobakiza siku nne kuingia barazani, wangalijibu hivyo.

Wajumbe 75 wakatia sahihi kwenye mashitaka ya kutaka asiapishwe. Walisema kwamba maneno yake yamewapa faraja maadui wa Marekani, kwamba yamevunja sharia ya kuandikishwa jeshini, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuapa kwa dhati kuitetea katiba. Jioni ya siku ile ya kiapo ikakaa kamati ya kumhoji. Walimwuliza juu ya vijana wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini. Akajibu kwamba anaustahi ujasiri wa mtu anayetenda jambo kwa dhamiri hali akijua adhabu itakayomfika. Lakini yeye hakupata kumshauri mtu ye yote achome kadi yake, na ya kwake mwenyewe iko mfukoni hapo, akiwa tayari kuitoa na kuionyesha wakipenda. Nimelisoma jibu hili mara nyingi na kila mara naliona lina adabu isiyoshindika: hakuomba radhi, hakutukana, hakurudi nyuma hata hatua moja, na alikuwa tayari kuweka mbele yao kipande cha karatasi ambacho shutuma zao zote zilikuwa zikikizunguka. Kamati ikapiga kura 23 kwa 3 dhidi yake. Baraza zima likapiga kura usiku ule ule, 184 kwa 12.

Wazee weusi wa Georgia walilijua jambo hili kabla halijatokea, maana lilikwisha kutokea. Mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vilivyomaliza utumwa, watu weusi walichaguliwa kuingia katika baraza la Georgia kwa mara ya kwanza. Na mwezi Septemba wenzao weupe wakawafukuza, wakidai kwamba katiba ya jimbo iliwapa weusi haki ya kuchagua lakini si haki ya kuchaguliwa. Mmoja wao, kasisi Henry McNeal Turner, alisimama akahutubu kwa balagha kubwa, akiwaambia kwamba hakuja kuwaomba haki zake. Walirudishwa mwaka 1870 kwa amri ya serikali ya taifa, kisha kidogo kidogo wakatolewa tena kwa vitisho na kwa sharia za hila, hata tangu mwanzo wa karne ya ishirini mpaka mwaka 1962, alipochaguliwa Leroy Johnson katika Seneti ya Georgia, hapakuwa na mweusi hata mmoja katika baraza lile.

Martin Luther King, ambaye nyumba yake ilikuwa katika jimbo la uchaguzi la Bond, alikatiza safari yake California akarudi nyumbani. Tarehe 14 Januari, siku Bond alipotimiza miaka 26, aliongoza maandamano mpaka kwenye jumba la serikali, kisha akaingia katika kesi akiwa mdai pamoja na Bond, kwa hoja iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuipinga: kwamba katika kumnyima Bond kiti, baraza limemnyima yeye King mwakilishi wake. Mawakili wa Bond, miongoni mwao Howard Moore wa Atlanta, aliyekuwa shemeji yake, waliipeleka kesi kwanza mbele ya majaji watatu wa mahakama ya taifa, na wawili wakasema baraza lina mamlaka hayo. Jaji wa tatu, Elbert Tuttle, akawapinga. Wakati huo huo kiti kilitangazwa kuwa wazi. Watu wa jimbo la 136 wakamchagua tena mwezi Februari, na kamati ya baraza ikamkataa tena mwezi Mei. Wakamchagua kwa mara ya tatu mwezi Novemba. Walikuwa watu masikini, wengi wao watumishi wa majumbani na wafanyakazi wa vibarua, na kwa mwaka mzima walikaa bila mjumbe wakirudia neno lile lile kwa kura.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikatoa hukumu katika kesi hiyo, ijulikanayo kama Bond v. Floyd, kwa sauti moja ya majaji wote 9, iliyoandikwa na jaji mkuu Earl Warren. Georgia ilikuwa imesema kwamba mjumbe, kwa kuwa anakula kiapo, aweza kushikwa kwa kipimo kikali kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliigeuza hoja ile juu chini. Ilisema kwamba wingi wa wajumbe hawana ruhusa ya kuupima unyofu wa kiapo cha mwenzao aliyechaguliwa kwa halali, na kwamba katika serikali ya uwakilishi mjumbe ndiye hasa anayestahili kuachiwa upana wa kusema rai yake juu ya mambo ya utawala, ili waliomchagua wajue anasimama wapi nao wapate kumhukumu. Tarehe 9 Januari 1967 Julian Bond akaapishwa. Kesho yake, kwa kuwa hapana aliyepata kura za kutosha katika uchaguzi wa gavana, baraza lile lile likamchagua Lester Maddox kuwa gavana wa Georgia, mwenye mkahawa aliyejipatia sifa kwa kuwafukuza wateja weusi mlangoni pake akiwa na bastola. Basi hivyo ndivyo yalivyokuwa mazingira ambamo Bond alianza kazi.

Hapo mwanzo wenzake wengi hawakumsemesha. Akavumilia, akajifunza kanuni, akangoja. Mwezi Agosti 1968 aliongoza ujumbe ulioshindana na ule wa Maddox katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, akidai kwamba ujumbe wa Georgia uliteuliwa bila ya weusi kushauriwa. Na chama, baada ya mabishano makali, kikagawa viti nusu kwa nusu. Katika mkutano ule ule jina lake likapendekezwa kwa cheo cha makamu wa rais, mtu mweusi wa kwanza kupendekezwa hivyo katika chama kile. Alisimama akashukuru, akakataa, kwa sababu katiba yataka miaka 35 na yeye alikuwa na miaka 28.

Alikaa katika Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1975, kisha katika Seneti ya jimbo mpaka mwaka 1987. Kazi ya miaka hiyo 20 si ya kusisimua, nami nitaipitia upesi: miswada ya nyumba za watu wa kipato kidogo, upimaji wa ugonjwa wa selimundu unaowasumbua sana watu wenye asili ya Afrika, uratibu wa wajumbe weusi barazani. Mwaka 1971 alisaidia kuanzisha taasisi ya msaada wa sharia ya Southern Poverty Law Center huko Alabama, akawa rais wake wa kwanza. Alipigana pia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mipaka ya jimbo la tano la Bunge la Marekani ichorwe kwa namna itakayowapa weusi wa Atlanta wingi wa kura.

Jimbo hilo ndilo lililompa huzuni kubwa. Mwaka 1986 alisimama kuligombea, akapambana na John Lewis, rafiki yake wa ujana, aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC zama zile yeye alipokuwa mkuu wa habari. Bond aliongoza katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili uchaguzi ukawa mchungu, Lewis akamtaka wapimwe wote wawili kama wanatumia dawa za kulevya, Bond akakataa, na Lewis akashinda kwa asilimia 52. Weusi wengi zaidi walimpigia Bond. Weupe wakampigia Lewis. Waliomjua wanasema urafiki ule ulichukua muda mrefu kupona. Sitamlaumu Lewis, ambaye naye alikuwa jabali la watu. Lakini nasikitika, kama walivyosikitika wengi, kwamba watu wawili waliopitia moto mmoja walilazimika kugombania mlango mmoja.

Hakuacha kazi. Sauti yake, ya taratibu, isiyopanda wala kushuka bila sababu, ndiyo iliyosimulia filamu ndefu ya televisheni iliyoitwa Eyes on the Prize, iliyotoka mwaka 1987, na kwa kizazi kizima cha Wamarekani sauti hiyo ikawa ndiyo sauti ya historia yenyewe. Alifundisha katika vyuo vikuu, kwa muda mrefu zaidi Virginia, akiwaeleza vijana kwamba mapambano hayakuwa kazi ya King peke yake bali ya maelfu ya watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Kuanzia mwaka 1998 mpaka 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe kuliko vyote vya haki za weusi, kilichoanzishwa mwaka 1909. Mwaka 2004 aliihutubia NAACP kwa maneno makali juu ya sera za rais George W. Bush, na idara ya kodi ikaanzisha uchunguzi wa kutaka kujua kama chama kimepoteza haki yake ya kusamehewa kodi kwa sababu ya hotuba ile. Miaka miwili baadaye uchunguzi ukafungwa, chama kikabaki na haki yake. Miaka 40 ilikuwa imekwisha pita tangu kamati ya Georgia, na bado palikuwa na watu wenye mamlaka waliotaka kumtoza mtu huyu kwa ajili ya ulimi wake.

Alisimama pia na watu ambao baadhi ya wenzake wa makanisani hawakutaka kusimama nao, akitetea haki za mashoga, kwa hoja kwamba haki za raia hazina wenyewe. Na mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 73, alikamatwa mbele ya ikulu ya Washington akipinga ujenzi wa bomba la mafuta.

Alifariki dunia tarehe 15 Agosti 2015, huko Fort Walton Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 75. Majivu yake yalitawanywa katika Ghuba ya Mexico, na jamaa yake wakawaomba waliomthamini wakusanyike saa ile ile kando ya maji yo yote yaliyo karibu nao, mto au ziwa au bahari, watupe maua.

Lakini ugomvi juu ya kiti cha mjumbe haukuzikwa pamoja naye. Karibu miaka minane baadaye, tarehe 6 Aprili 2023, Baraza la Wawakilishi la Tennessee, linalokutana Nashville, mji aliozaliwa Bond, liliwafukuza wajumbe wake wawili, vijana weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kosa la kuongoza kelele za kudai sharia kali za silaha ndani ya ukumbi, baada ya watoto na watu wazima kuuawa kwa risasi shuleni mjini humo. Mjumbe mwenzao, mwanamke mweupe aliyesimama pamoja nao, alinusurika kwa kura moja. Haikupita juma moja, mabaraza ya mahali walikotoka vijana wale yakawarudisha vitini kwa muda, na mwezi Agosti wapiga kura wakawachagua tena wote wawili.